Kasuku wa kituoni anajinyonyoa, anapiga kelele, anang'ata: tuanzie wapi?

Usiku wa kwanza Jasper alikohoa. Kikohozi kizito cha mtu mzima, mara tatu mfululizo, kisha mguno. Mke wangu akaniamsha akidhani ni mimi. Tukawasha taa, tukasogelea tundu. Kasuku wa kijivu, kifua kitupu kama kuku aliyekwisha nyonyolewa kwa ajili ya kitoweo, alikuwa akitutazama kwa jicho moja. Akakohoa tena mbele yetu.

Mchana wa siku hiyo tulikuwa tumemchukua kwenye kituo cha kuokoa kasuku hapa Uingereza. Bibi aliyeishi naye miaka mingi alifariki na watoto wake hawakuweza kumlea. Kikohozi kile kilikuwa cha marehemu. Miezi saba baada ya kuzikwa, sauti yake ilikuwa bado inaamka usiku, sasa nyumbani kwa watu asiowajua.

Kasuku wa kituoni haji mtupu. Mwili wake umelishwa na mtu mwingine, na masikio yake yamefunzwa na nyumba nyingine. Dalili unayoiona leo huenda chanzo chake kina miaka kumi. Ndiyo maana ninapoulizwa na Waswahili wenzangu wa huku, "ndege wangu ana tabia mbaya, nifanyeje?", huwa nawaomba suala la tabia waliweke mwisho. Chunguza mwili kwanza. Halafu nyumba: hewa, mwanga, usingizi, chakula. Halafu historia yake. Ukianzia kwenye tabia, unaweza kujikuta unamfundisha ndege mgonjwa kunyamaza.

Nitasema zaidi juu ya kasuku wa kijivu wa Afrika, yule mwenye mkia mwekundu, kwa kuwa ndiye ninayeishi naye. Mengi yanawahusu kasuku wengine pia.

Kabla ya dalili yoyote: mizani

Nunua mizani ya jikoni inayosoma gramu. Mpime kila asubuhi kabla hajala na uandike. Kasuku wa kijivu wengi wana uzito wa kati ya gramu 400 na 550, lakini namba muhimu ni ya ndege wako mwenyewe. Jasper ni 462, na ninaijua kama ninavyoijua namba ya simu ya mama yangu. Ndege huficha ugonjwa, maana porini anayeonekana dhaifu ndiye anayechukuliwa na mwewe. Anaweza kula mbele yako, akapiga mluzi, akakuchezea kidole, huku anakwisha ndani kwa ndani chini ya manyoya. Mizani haidanganywi. Akipoteza sehemu ya kumi ya uzito wake kwa siku chache, mpeleke kwa daktari siku hiyohiyo.

Na daktari awe wa ndege. Daktari wa mbwa na paka, hata awe mzuri namna gani, huenda hajawahi kutoa damu kwenye mshipa wa shingo wa kasuku. Mtafute kabla hujamleta ndege nyumbani, na usingoje augue: wiki ya kwanza afanyiwe uchunguzi wa damu na kinyesi, na uombe faili lake lote kutoka kituoni. Gharama si ndogo. Kama fedha ya daktari haipo, ni heri kusubiri mwaka mmoja kuliko kumchukua sasa.

Dalili zisizongoja kesho

Amejivimbisha manyoya na kukaa sakafuni mwa tundu. Mkia unapanda na kushuka kila anapovuta pumzi. Anahema mdomo wazi ilhali hajaruka wala hakuna joto. Anavuja damu isiyokoma. Anapata degedege. Ni jike na anakaza kama anayetaka kutaga, yai halitoki. Kwa lolote kati ya haya, mweke kwenye boksi lenye joto na giza, mpigie daktari simu ukiwa njiani, na usimlazimishe kula wala kunywa. Damu ya ukucha uliokatika unaweza kuizuia kwa kubana na wanga wa mahindi. Manyoya machanga yanayoota huwa na damu ndani ya shina, na likivunjika moja linaweza kumwaga damu nyingi kuliko unavyodhani. Bana kwa kitambaa safi, uondoke.

Degedege naomba niieleze kidogo kwa sababu kasuku wa kijivu ana udhaifu wake hapo. Kalsiamu yake kwenye damu hushuka upesi kuliko ya kasuku wengi, hasa akiwa amelelewa kwa mbegu peke yake na kufungiwa ndani bila jua. Anatetemeka, anapoteza mizani, anaanguka kijitini. Huko Afrika jua ni la bure. Hapa, kuanzia Oktoba hadi Machi, anakaa ndani, na mwanga unaopita kwenye kioo cha dirisha haumfai kwa hilo, kwa kuwa kioo huzuia miale inayotengeneza vitamini D. Ndiyo sababu Jasper ana taa yake maalumu ya ndege. Kiasi cha dawa ya kalsiamu apange daktari. Ukikisia mwenyewe unaweza kumharibu figo.

Manyoya chini ya tundu kila asubuhi

Hii ndiyo dalili inayowavunja watu moyo kuliko zote, na ndiyo inayowarudisha ndege wengi kituoni.

Kwanza tazama kichwa. Kasuku hawezi kukifikia kichwa chake kwa mdomo. Kama kichwa kina manyoya mazuri na kifua ni kitupu, anajinyonyoa mwenyewe. Kama kichwa nacho kina upara, basi ama kuna ndege mwenzake anayemnyonyoa, ama ni ugonjwa: kuna virusi vinavyoharibu mdomo na manyoya ya kasuku na vinaambukiza wenzake. Hilo hupimwa kwa damu, halisemwi kwa macho.

Pili, usilichanganye na kupukutika kwa kawaida. Manyoya hubadilishwa, na unayookota huwa mazima, yameachia shina lenyewe, huku mapya yakichomoza kama miiba midogo. Manyoya yaliyotafunwa ncha au yenye damu mzizini ni hadithi nyingine.

Sababu za mwilini ni nyingi: ini, fangasi, upungufu wa vitamini A, na sumu ya zinki kutoka kwenye waya wa tundu au kufuli alilokuwa akililamba. Daktari akishazipitia hizo, rudi ndani ya nyumba yako. Sisi tulibandika karatasi kwenye friji. Kila asubuhi nilihesabu manyoya kwenye gazeti la chini ya tundu na kuandika tulichofanya jana yake. Baada ya wiki 5 karatasi ilikuwa inasema mambo mawili waziwazi. Manyoya yaliongezeka siku ambazo mfumo wa kupasha nyumba joto uliwashwa sana, na siku ambazo sote wawili tulikuwa kazini kabla ya saa tatu.

La kwanza lilikuwa ngozi. Huyu ni ndege wa msitu wa mvua, asili yake bonde la Kongo, mahali ambapo hata shati halikauki vizuri. Umemweka kwenye nyumba ambayo hewa yake ya Januari inapasua midomo ya binadamu. Sasa namnyunyizia maji ya uvuguvugu kila asubuhi. Siku za mwanzo alikimbilia pembeni. Siku hizi akiliona chupa analegeza mabawa na kuinamisha kichwa.

La pili lilikuwa kukosa kazi. Porini kasuku wa kijivu hutumia saa nyingi kutafuta chakula, na matunda ya mchikichi ni miongoni mwa anavyovipenda sana. Anatoboa, anamenya, anatupa, anahamia mti mwingine. Ukimwekea bakuli lililojaa amemaliza kazi ya siku kwa dakika 10, na ule mdomo wenye nguvu ya kuvunja kokwa utatafuta kitu cha kufanya. Mara nyingi kitu hicho ni kifua chake. Kwa hiyo chakula cha Jasper tunakificha. Tunakifungia kwenye karatasi, kwenye maboksi ya mayai, kwenye maganda ya mahindi yaliyofungwa fundo. Vijiti vya mbao laini anavitafuna hadi vinakuwa unga, nasi tunaleta vingine.

Ukimwona anajinyonyoa, usikimbie ukisema "acha!". Umempa alichokikosa, yaani wewe. Pita, ongea na mwenzako, kisha umletee kitu cha kutafuna baada ya dakika chache. Na usitegemee muujiza. Manyoya mapya huchukua wiki nyingi, na tundu la unyoya lililochomolewa mara kwa mara huweza kufa kabisa. Jasper amefunika kifua chote isipokuwa doa la upana wa sarafu upande wa kulia. Lile halitaota, na tumelikubali.

Kelele

Jua linapochomoza na linapozama, kasuku hupaza sauti. Hiyo si kasoro, na asiyeweza kuivumilia asimchukue kasuku.

Kelele za mchana kutwa ni jambo jingine. Kasuku ni ndege wa kundi, na kundi likitawanyika mitini huitana: nipo hapa, wewe uko wapi? Mimi huieleza hivi: anapiga hodi. Ukiwa jikoni akapiga hodi kwa sauti ndogo usimwitikie, atapiga kwa nguvu zaidi. Hatimaye atapiga ukelele wa kupasua masikio, nawe utakuja mbio kumgombeza. Amejifunza kuwa hodi ya adabu haina karibu, ila ya vurugu inayo.

Dawa yake ni kugeuza mambo. Chagua mluzi mmoja na uitikie kila mara anapoita kwa sauti ya chini, hata kama uko bafuni. Akipiga ukelele, usije, usiseme kitu, usimtazame. Wiki ya kwanza na ya pili kelele zitazidi, kwa sababu anajaribu ufunguo uliokuwa unafungua mlango. Wengi hushindwa hapo, wanakwenda siku moja tu, na ndege anajua kwamba inabidi apige nusu saa badala ya dakika 5. Kama mnaishi fleti yenye kuta nyembamba, zungumzeni na majirani mapema na mwaambie itachukua muda gani.

Lakini kelele iliyoanza ghafla kwa ndege aliyekuwa mtulivu, rudi kwenye mizani.

Anang'ata

Kasuku huonya kabla ya kung'ata, isipokuwa yule aliyeonya miaka mingi bila kusikilizwa. Tazama mboni: zinabana na kupanuka harakaharaka. Manyoya ya shingoni yanasimama. Anaegemea nyuma au anakuwa mwembamba kama kijiti. Ukiona hivyo, ondoa mkono. Wapo watakaokuambia ukiondoa mkono amekushinda. Hakuna mashindano hapo, kuna ndege mwenye hofu aliyesema "basi" akasikilizwa, na kesho hatakuwa na haja ya kutumia mdomo.

Jasper alikuwa mpole asubuhi na mkali jioni. Nilipotoka kazini alijirusha tunduni hadi anaumia, na nikinyoosha mkono ananing'ata mpaka mfupani. Nilimaliza mwezi mzima nikidhani ananichukia mimi. Kisha nikasoma tena faili la kituo, mstari mmoja niliokuwa nimeuruka: siku alipoondolewa nyumbani kwa bibi alikamatwa kwa glavu nyeusi za ngozi. Nami wakati wa baridi naingia ndani na glavu nyeusi za sufu. Tangu siku hiyo nazivua nje ya mlango na kuziweka mfukoni. Ndani ya wiki 2 jioni zetu zikawa kama asubuhi.

Usimpige, usimtingishe mkononi, usimpigie kelele, usimmwagie maji. Mfundishe kugusa ncha ya kijiti, kama vile vya kulia wali wa Kichina, akigusa umpe mbegu moja ya alizeti. Kijiti kikimwongoza huku na huko bila mkono kumsogelea, mkono unaanza kupoteza kitisho chake. Jasper alichukua wiki 11 hadi kuweka mguu wa kwanza kwenye kidole changu. Ulikuwa wa baridi na ulitetemeka, akauondoa upesi. Kesho yake akaweka yote miwili.

Anakula mbegu tu

Wengi wa kituoni wamelelewa kwa alizeti na karanga. Mafuta mengi, vitamini A hakuna, kalsiamu kidogo. Matokeo yake ni ini lenye mafuta, pua na koo visivyo na kinga, na fangasi kwenye mapafu. Karanga mbichi zenye maganda ziogope pia kwa sababu ya sumukuvu.

Kumbadilisha ni kazi ya wiki, pengine miezi. Usimwekee chakula kipya ukamwachia njaa imfundishe, kwa sababu yuko tayari kukaa mbele ya bakuli lililojaa asilolitambua hadi akadhoofika. Punguza mbegu kidogokidogo, ongeza chakula cha kasuku cha punje zilizotengenezwa kiwandani (si mbegu) na mboga, na upime kila asubuhi. Kula mbele yake. Jasper alikataa sukuma wiki siku 19, na ya 20 akaiiba kwenye sahani ya mke wangu.

Sukuma wiki, karoti, boga, viazi vitamu vya rangi ya chungwa vilivyochemshwa, pilipili hoho: hivyo ni vya kila wiki. Mchicha usiwe wa kila siku, una asidi inayozuia kalsiamu. Pilipili kali mpe tu. Ndege hausikii ule ukali unaotuwasha sisi, na Jasper hula pilipili kichaa na mbegu zake zote bila kupepesa jicho.

Parachichi kamwe. Linaua. Jumapili moja mgeni wetu alikwisha nyoosha kipande kwa upendo kabisa kutoka kwenye kachumbari yake, nikamshika mkono. Na mila yetu ya kumwonjesha ndege chai kwenye kisahani nayo ife: chai, kahawa, chokoleti, pombe, vitunguu na vyakula vya chumvi havimfai.

Amekufa ghafla, jana alikuwa mzima

Hapa nawaomba Waswahili wasome mara mbili, kwa sababu nyumba zetu zina hatari zake.

Kikaango chenye utando wa Teflon na mfano wake kikipata moto kupita kiasi hutoa gesi isiyonusika. Binadamu pengine hataisikia, lakini kasuku aliye chumba cha pili anaweza kufa kwa dakika chache. Mapafu yake na vifuko vyake vya hewa hunyonya hewa kwa ufanisi mkubwa kuliko yetu, na sumu inaingia kwa ufanisi uleule. Fikiria tunavyopika chapati: kikaango kitupu, moto mkali, kinaachwa kipate joto wakati unasukuma. Ondoa vyote ndani ya nyumba kabla ndege hajafika, na ukague pia pasi, mashine za kukaangia kwa hewa na vifaa vya kupasha joto. Chapati zetu sasa tunazichoma kwenye kaango la chuma.

Kisha udi na ubani. Najua ninachokiomba. Lakini moshi ni moshi, uwe wa sigara, wa mkaa au wa chetezo, na marashi ya kupuliza ni hivyohivyo. Nyumbani kwetu tumeacha kabisa. Nguo za Idi tunakwenda kuzifukiza kwa dada yangu.

Kikohozi, kinyesi, na maradhi yanayokupata wewe

Kuhusu kikohozi cha Jasper: kasuku wengi "wanaokohoa" wanaiga mtu. Kuiga kunafanana kila mara, kunakuja wakati uleule, na ndege anaendelea na shughuli zake. Ugonjwa wa kifua una dalili nyingine: mkia unapanda na kushuka, sauti inabadilika au inapotea, pua ina unyevu, uzito unashuka. Sisi hatukujiamini, tukamfanyia eksirei. Kifua kilikuwa safi.

Kinyesi kina sehemu tatu: choo cha kijani au kahawia, mkojo mzito mweupe, na maji. Rangi ya choo hufuata chakula, akila kiazisukari kitakuwa chekundu. Sehemu ile nyeupe ndiyo ya kuchunga. Ikigeuka ya njano au ya kijani kibichi, fikiria ini, na fikiria psitakosisi.

Psitakosisi ni ugonjwa wa bakteria unaotoka kwa ndege kwenda kwa mtu kwa vumbi la kinyesi na manyoya. Huanza kama mafua makali: homa, kichwa, kikohozi kikavu, na huweza kuwa nimonia. Ukiugua hivyo, mwambie daktari wako kwamba unaishi na kasuku, kwani hatauliza. Mpime ndege kabla ya kumleta, na kama una ndege wengine mtenge chumba tofauti siku 30 angalau. Mimi ningetaka 45.

Anajirusha usiku

Kishindo gizani, mabawa yanapiga waya, halafu kimya. Kasuku wanaweza kushtuka usiku kwa kivuli cha gari tu. Mwashie taa hafifu sana, mpe usingizi mtulivu wa muda wa saa 10 hadi 12, na usimfunike ghafla. Hapa Uingereza usiku wa 5 Novemba, wa fataki, mmoja wetu hulala chumba kimoja naye.

Anacheua, anajificha chini ya sofa

Anatikisa kichwa juu chini, anakucheulia chakula mkononi, anatafuta mapango. Hayo ni mapenzi, na mara nyingi tumeyachochea wenyewe kwa kumpapasa mgongo na chini ya mabawa. Gusa kichwa na shingo tu, ondoa maboksi na pembe za giza, fupisha mwanga wa siku. Akitupa chakula ovyo hadi manyoya ya kichwani yanaloa, huko ni kutapika, nenda kwa daktari.

Anatukana

Mwaka 2020 hifadhi ya Lincolnshire Wildlife Park ilipokea kasuku 5 wa kijivu kutoka nyumba tofauti, wakawekwa pamoja, wakaanza kutukana. Kila mmoja akitukana, wengine hucheka, maana hata kicheko walikuwa wamekiiga. Ikabidi watenganishwe. Usicheke na usikemee. Mfundishe sauti nyingine nzuri na uishangilie hiyo.

Katokea wapi huyu?

Tazama pete mguuni. Pete nzima isiyo na kiungo huvishwa kifaranga, kwa hiyo amezaliwa kwa mfugaji. Pete yenye kiungo, au bila pete, kwa ndege mzee wa Ulaya inaweza kumaanisha alitoka msituni, kwa sababu Umoja wa Ulaya ulisimamisha uingizaji wa ndege wa porini mwaka 2005 na kuupiga marufuku moja kwa moja 2007. Pete ya Jasper ina kiungo. Huenda aliwahi kuruka juu ya michikichi ya Kongo na kundi lake, kisha akanaswa kwa gundi au wavu. Nikilijua hilo, hofu yake ya mikono hainishangazi.

Mwaka 2016 mkutano wa CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini, huko Johannesburg ulimweka kasuku wa kijivu kwenye Kiambatisho cha Kwanza, na tangu 2017 biashara ya kimataifa ya ndege wa porini wa jamii hii imekatazwa. Huku Uingereza haruhusiwi kuuzwa bila cheti kinachoendana na pete au chipu yake. Kituo kizuri kitakupa karatasi, kitakuja kukagua nyumba, na kitakufanya usaini kwamba ukishindwa utamrudisha kwao. Kituo kisichokuuliza maswali kiogope.

Kwa walio nyumbani: kasuku hawa bado wanaishi msitu wa Kakamega wakiwa wachache, wanaruka juu ya Entebbe, na wako misitu ya Kongo. Ukimwona sokoni ndani ya kikapu, moyo utakuambia umnunue umwokoe. Usimnunue. Fedha yako itamtuma mtegaji amlete mwingine kesho. Toa taarifa kwa mamlaka ya wanyamapori: KWS kama uko Kenya, UWA kama uko Uganda, ICCN kama uko Kongo. Kituo cha Lwiro huko Kivu Kusini na kile cha elimu ya wanyamapori cha Entebbe hupokea ndege waliokamatwa. Kenya, kumfuga bila kibali cha KWS ni kosa kwa sheria ya 2013.

Mimi ndiye nitakayeshindwa

Kasuku wa kijivu huweza kuishi miaka 40 hadi 60 akitunzwa. Kituo kilikadiria Jasper amepita 25. Mimi nina 47. Bibi yule alimpenda, hilo nalisikia kila siku kwa jinsi Jasper anavyomwigiza, lakini hakuandika popote nani atamchukua.

Tumezungumza na binti wa dada yangu, amekubali, na huja mara mbili kwa mwezi ili ndege asimwone mgeni siku ikifika. Ile karatasi ya friji tumeiandika upya kwa ajili yake. Ina uzito wake, jina la daktari, vyakula, mluzi wa kuitikia hodi. Imeandikwa asivae glavu nyeusi. Chini kabisa mke wangu ameongeza kwa mkono wake: akikohoa usiku na uzito haujashuka, ni bibi yule, mwitikie tu alale.